Msichana Ambaye Hakuwahi Kuvaa Mbuzi

Wajukuu zangu wa kidato cha nne, na nyie walimu wapya ambao wino wa vyeti vyenu haujakauka, shikeni viti. Nimefundisha Kiingereza hapa Mwanza mpaka goti la kulia likaanza kulalamika kabla ya kengele ya asubuhi. Sasa nimestaafu, nafuga kuku, nasoma ninachotaka. Kila Novemba ikikaribia, jirani ananiletea mwanawe: "Madam, msaidie huyu, Kiingereza kimemshinda." Namkalisha barazani. Swali langu la kwanza huwa si la Kiingereza hata kidogo. Namuuliza: jana ulikula nini, na nani alipika?

Wengi hunishangaa. Wamekuja na simu zenye insha mia mbili, barua za kila namna, na majibu ya mitihani ya nyuma, halafu kibibi kinawauliza habari za ugali. Vumilieni, nitaeleza.

Nianze na aibu yangu, maana mzee anayeficha makosa yake hana cha kuwafundisha. Miaka yangu ya mwanzo niliamini insha hukaririwa. Niliandika insha moja nzuri sana, ya ajali ya basi, yenye kona kali, dereva aliyesinzia na mama aliyelia. Nikaiandika ubaoni, wanafunzi wakainakili, wakaikariri kama sala. Ukaja mtihani wa ndani. Swali lilitaka waeleze sherehe waliyohudhuria. Nikakaa na chai yangu nisahihishe. Mwanafunzi wa kwanza alikwenda harusini kwa basi, basi likapinduka. Wa pili alikwenda ubatizo, basi likapinduka kwenye kona ileile. Nilipofika wa kumi na tano, wote walikuwa wamepata ajali, dereva yuleyule kasinzia, mama yuleyule analia. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye sherehe.

Nilicheka mpaka chai ikapoa. Pembeni yangu alikaa mwalimu mkongwe, Mhaya mmoja mtanashati, Mwalimu Rwegasira, aliyekuwa akipiga pasi mpaka leso. Akachukua karatasi mbili tatu, akasoma, akaniuliza kwa upole, "Binti, hawa watoto hawana maisha yao?"

Swali hilo lilinikera kwa wiki nzima. Mimi ni Mjita wa kule Majita, na kwetu mtu akikuuliza swali la namna hiyo ujue kakukaripia. Baadaye akanifundisha jambo la pili. Nilikuwa na kalamu nyekundu yenye hasira, karatasi ya mwanafunzi ikitoka mikononi mwangu utadhani kuku kachinjwa juu yake. Akaniambia, "Sikia habari kwanza. Kosa halikimbii, utalikuta palepale." Nililiandika neno lake kwenye jalada la daftari langu. Kulielewa kulichukua miaka mingi, na aliyenielewesha ni msichana mmoja aitwaye Minza.

Lakini kwanza niwaeleze habari za mbuzi.

Nilihamia shule moja ya kata, ile iliyojibanza nyuma ya mawe, mbele kidogo ya mtaa wa Mirongo, mahali ambapo ukichelewa kufunga dirisha pimbi, wale wanyama wadogo wa mawe, wanaingia kukagua madaftari. Mkuu wa shule alitaka matokeo ya Kiingereza yapande. Nami, kwa kiherehere changu, nikapendekeza njia niliyoiona kwingine: kipande cha mti, kimetobolewa tundu, kimetiwa kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili au Kisukuma, unavishwa shingoni. Utakivua pale tu utakapomnasa mwenzako akikosea, umvishe yeye. Anayekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia anasafisha vyoo.

Wanafunzi wakakiita mbuzi. "Leo nani anachunga mbuzi?" "Mbuzi kalala kwa nani?" Msiwadharau watoto wa Kisukuma, hata adhabu wataigeuza mfugo.

Mbuzi alileta vituko. Kijana mmoja wa kidato cha pili alijificha nyuma ya vyoo nusu saa nzima akimvizia rafiki yake anayependa kuimba akijisaidia. Wengine walikuwa wanakukanyaga kidole makusudi, ukilia "Mama wee!" tayari, kamba shingoni. Mimi nilikuwa na daftari maalumu, kila jioni naandika jina la aliyelala na mbuzi na wote waliopitiwa naye siku hiyo. Nililipenda daftari lile. Nililionyesha kwa wageni.

Mwisho wa mwaka wa kidato cha tatu nikalipitia kurasa zote. Kila mwanafunzi wa darasa lile jina lake lilikuwemo, wengine mara moja, wengine mara thelathini, isipokuwa mmoja. Minza. Mwaka mzima hakuvaa mbuzi hata mara moja.

Mstarini nikamwita mbele. Nikamtangaza msemaji bora wa Kiingereza wa shule nzima, nikampa kamusi mpya iliyofungwa karatasi ya maua. Alikuwa binti mrefu, mkimya, mwenye macho yanayokutazama sawasawa. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akarudi kwenye mstari bila neno. Wenzake wakacheka. Nikadhani ni furaha. Nikawahutubia dakika kumi wamuige Minza.

Kidato cha nne kikaanza, ukaja mtihani wa majaribio wa mkoa. Swali la barua lilimtaka mtahiniwa amweleze rafiki wa mbali kazi inayofanywa na watu wa eneo lake. Nikaitafuta kwanza karatasi ya Minza nijiburudishe.

Basi likapinduka kwenye kona.

Insha yangu ileile, jamani! Nilikuwa nimeiacha miaka mingi nyuma, lakini ilikuwa imetembea daftari kwa daftari, dada kwa mdogo wake, mpaka imemfikia. Haikupungua hata nukta. Kwingine kote kwenye karatasi, palipohitaji maneno yake mwenyewe, palikuwa peupe.

Mnaelewa uzito wa jambo hili? Minza hesabu zilimkataa mapema, na sayansi nazo zikafuata. Njia yake ya kidato cha tano ilikuwa moja tu: Historia, Kiswahili na Kiingereza, na katika yote matatu apate C au zaidi. Mawili ya kwanza alikuwa nayo. Bila C ya Kiingereza, shule ilikuwa inaishia pale.

Nikamwita ofisini. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kimya. Nikauliza kwa Kiswahili, akatazama mlango. Nikamuuliza kwa ukali, akatazama viatu. Sikukasirika sana, ila kitu kilinitekenya kichwani, kama mtu anayegundua chumba ndani ya nyumba yake ambacho hajawahi kukifungua. Nikamwacha aende, nikamwita Doto, msichana aliyekaa naye dawati moja.

"Doto, Minza ana nini?"

"Hana kitu, Madam."

"Mbona haongei?"

Doto akanitazama kana kwamba nimeuliza mbona jua linawaka. "Madam, yule haongeagi. Tangu ulete mbuzi. Akiingia getini ndo basi, mpaka tutoke."

"Haongei hata Kiingereza?"

"Hata nini, Madam. Akitaka kalamu ananionyesha kwa kidole. Siku ile umempa kamusi si ndo maana watu walicheka?"

Doto akaondoka, nikalifungua tena daftari la mbuzi. Nilikuwa nimempa zawadi ya kusema msichana aliyefunga mdomo mwaka mzima. Na daftari langu, lile nililowaonyesha wageni, lilikuwa limeniambia ukweli kila siku, mimi nikausoma kichwa chini. Niliona haya, wajukuu zangu. Niliona haya kiasi kwamba nilipita njia ya nyuma nisikutane na mtu.

Lakini mimi nikishikwa na udadisi silali nao. Jumamosi nikapanda daladala kwenda mwaloni, huko ufukweni mitumbwi inakoshusha dagaa, ambako Doto aliniambia Minza humsaidia mama yake kuanika. Nilifika jua limeshakuwa kali. Sikujitokeza. Nilisimama nyuma ya magunia nikitega sikio.

Vijana, nilimsikia Minza kabla sijamwona. Alikuwa anabishana na mchuuzi, mwanaume mzima mwenye kofia ya pama.

"Kaka, hawa siyo dagaa wa mchanga, hawa wa kichanja! Onja mwenyewe. Ukikuta hata punje ya mchanga gunia zima chukua bure. Haya, onja! Mbona unatafuna taratibu, unaogopa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mchuuzi akatafuna, akanyoosha mikono. Minza akageukia Kisukuma kumtania bibi mmoja, akageukia Kiswahili kumfokea mbwa, akarudi kwa mchuuzi. Mdomo haukupumzika. Mimi nyuma ya magunia nilikuwa nimeshika shavu kama mwehu.

Nilipojitokeza alinyamaza ghafla. "Shikamoo, Madam," alisema kwa sauti ya chini, akatazama shingo yangu, kisha mikono yangu. Alikuwa anatafuta mbuzi.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja naye."

Mama yake akanikaribisha, akanigeuzia ndoo nikae. Nikamweleza kilichonileta. Akanisikiliza, akanitazama, akamtazama bintiye.

"Huyu? Huyu Minza wangu haongei? Madam, labda umekosea mtoto. Huyu hata usingizini anaongea."

"Shuleni haongei, Mama Minza. Mtihani uko karibu."

Mama akageuza dagaa kwa ufagio wa miti, taratibu, kisha akasema, "Mimi shule sijui. Akipata, aende, nitashukuru Mungu. Akikosa, vichanja hivi vipo. Ila angependa kwenda. Hilo nalijua, maana ile kamusi yenu analalia."

Sasa ningefanya nini? Kumhutubia hakusaidii, nilishahutubia vya kutosha. Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nakitaka kwa dhati wakati ule, yaani kuuliza. Nikamwuliza Minza unajuaje dagaa wamekauka. Ziwa nimezaliwa nalo, lakini kwetu tulikuwa watu wa sato na sangara, mambo ya dagaa niliyajua kwa kula tu.

Akanijibu kwa Kiswahili, mwanzoni kwa tabu. Unachota mkononi, unatikisa karibu na sikio. Wakilia kama majani makavu, tayari. Wakinyamaza, bado wana maji. Mvua ikiwakuta, wananuka, hao mteja wao ni kuku. Nikamwomba anifundishe kuyasema hayo kwa Kisukuma. Kisukuma changu, baada ya miaka yote ya Mwanza, kilikuwa ni kusalimia asubuhi na kusema "wabeja" nikipewa kitu. Nikajaribu. Nikayavunja maneno vipande. Wanawake wa mwaloni walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mchanga. Mama Minza alifuta machozi kwa khanga.

Minza naye alicheka. Halafu alifanya jambo nililokuwa sijawahi kulifanya darasani. Hakuniambia nimekosea. Alilirudia neno lenyewe, polepole, akingoja. Nikalirudia. Akalisema tena, akitabasamu. Mara ya nne nikalipata, wakanipigia vigelegele. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na vile vigelegele vilinipendeza kuliko cheti chochote ukutani kwangu.

"Haya," nikamwambia, "mimi nimeaibika mbele ya mwalo mzima na sijafa. Sasa wewe niambie habari hiyohiyo kwa Kiingereza. Hapa hakuna mbuzi, hakuna daftari."

Akaendelea kugeuza dagaa. Mtumbwi mmoja ukashusha, watu wakapita na makreti, mchuuzi akafunga magunia yake akaondoka. Nilitamani kumsaidia neno la kwanza, nikauma ulimi. Hatimaye akasema sentensi moja kwa Kiingereza, fupi, kwamba mvua ni adui wa mama yake. Ilikuwa na makosa matatu. Kalamu nyekundu ya kichwani mwangu ikaruka juu, na hapo ndipo neno la Mwalimu Rwegasira liliponiingia barabara. Nikamuuliza tu, kwa nini ni adui? Akajibu. Nikauliza, mnafanyaje mkiona wingu? Akajibu kwa sentensi mbili. Makosa niliyarudia baadaye, moja moja, kama alivyonirudia yeye.

Jumatatu nilimwendea mkuu wa shule nikamwambia mbuzi apumzishwe. Akakataa. Shule za kulipia wanaye, kwa nini sisi tumwondoe? Tukabishana wiki nzima. Mwisho akakubali kidato cha nne tu, hadi mtihani upite. Wa vidato vingine waliendelea kuchunga mpaka mwaka uliofuata, na hilo sina la kujisifia.

Kila Jumamosi nilikwenda mwaloni. Kanuni ilikuwa moja: yeye ananipa Kisukuma, mimi nampa Kiingereza, na atakayecheka anarudia neno. Ndiko nilikojifunza kufundisha, nikiwa nakaribia kustaafu. Nyie mnaojiandaa, sikilizeni, haya ni ya bure. Soma swali mara mbili, ya pili ukiwa na kidole kwenye neno linalokuamuru: eleza, simulia, omba. Usiandike habari ya mahali usipopajua, andika kile mkono wako unakijua, ndiyo maana nawauliza mlikula nini na nani alipika. Barua anza na yule unayemwandikia, mwone usoni, jua anataka kujua nini. Sentensi fupi haina aibu. Na ukimaliza, isome kwa kunong'ona, sikio hukamata kosa ambalo jicho limelipita. Simu yako inaweza kukuandikia insha safi kuliko yangu ya basi, sikatai. Lakini chumba cha mtihani utaingia peke yako, na simu itabaki kwa msimamizi.

Siku ya karatasi ya Kiingereza walimu wa shule tunakaa mbali, wasimamizi hutoka shule nyingine. Nilikaa kwenye jiwe nje ya uzio. Walipotoka, nilisikia sauti ya mtu anabishana na kiranja mkuu katikati ya uwanja, kwa Kiingereza kibovu chenye nguvu, kwamba swali la tatu lilitaka sababu mbili wala si tatu. Alikuwa Minza. Wenzake walikuwa wamesimama wanamtazama. Nilishuka kwenye jiwe nikaenda nyumbani bila kumsemesha, maana ningelia mbele za watu.

Matokeo yalitoka Januari. Mnajua mtandao unavyogoma siku hiyo, kila mtu Tanzania nzima anabonyeza. Nilibonyeza mpaka simu ikapata moto. Ukurasa ulipofunguka nikashuka kwa kidole. Historia C. Kiswahili B. Kiingereza C.

Niliruka, goti na yote. Kuku walitawanyika. Kabla sijakaa, simu ikaita. Minza.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu! Hongera! Umeona?"

"Nimeona, Madam. Wabeja sana. Mama anacheza huku." Kweli nilisikia vigelegele nyuma yake. Kisha akasema, "Madam, Lukas umemwangalia?"

"Lukas yupi?"

"Lukas wa Misungwi, aliyekuwa anakaa dirishani. Na Neema. Na wale wa nyuma."

"Bado. Kwa nini?"

"Hata wao walikuwa hawaongei, Madam. Wao waliteleza mara moja moja ndo ukawaandika. Mimi sikuteleza. Lakini tulikuwa tunakaa kimya wote."

Nikamwambia anitajie taratibu. Alitaja majina tisa, mengine ya watoto niliowafundisha miaka minne bila kuijua sauti yao. Nilikuwa nashuka kwa kidole huku anataja. Kiingereza F. Kiingereza F. Kiingereza D. F. Katika tisa sikukuta C hata moja.

Nilikuwa nimemwona mmoja kwa sababu daftari langu mwenyewe lilimsimamisha peke yake mbele yangu. Hao wengine walikaa palepale, safu mbili nyuma yake, na mimi mdadisi, mimi niliyekwenda kujificha nyuma ya magunia kusikiliza, sikugeuza shingo. Sikuwauliza hata walikula nini. Hilo linaniuma mpaka leo, na siwafichi.

"Madam, upo?" Minza aliuliza.

"Nipo."

"Mimi nasubiri kupangiwa shule, muda ninao. Wanaweza kurudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Jumamosi nitawaita waje mwaloni. Na wewe uje."

Hakuniuliza kama nitaweza. Nilikwenda. Nilikuta amegeuza ndoo kumi kwenye mchanga, moja yangu, tisa zao. Walikuja watano. Tulingoja mpaka jua likawa la utosi, kisha Minza akazikusanya zile ndoo nne zilizobaki, akazirudisha kwa mama yake, tukaanza.